Motokaa ya Marehemu Babu



Mapadre huhubiri juu ya pombe, juu ya mahari na juu ya uvivu wa kusali, lakini ni mara chache sana kusikia mahubiri juu ya motokaa. Hata hivyo, tangu motokaa zilipozidi katika nchi yetu, ugomvi mwingi wa nyumbani umepanda humo pamoja na abiria. Juma hili tumeona vema kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu tumepata barua ya mama mmoja Mkristu wa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, naye ametupa ruhusa kuyajibu maswali yake gazetini, mradi tusitaje jina lake wala kijiji chake.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wake, mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, anayo motokaa ya aina ya Peugeot 404, rangi ya maziwa, iliyonunuliwa na baba yake kwa fedha za pamba katika mwaka 1967. Mzee yule wa kwanza, yaani guku wa watoto, kama wasemavyo Wasukuma, amekwisha kufariki zamani, na motokaa ikabaki mikononi mwa mwanawe mkubwa. Hufunikwa turubai usiku, huoshwa kila Jumamosi, na watoto wameipa jina la mtu, huiita "Shankland". Kwa misimu miwili sasa fedha za pamba za nyumba hiyo zimeishia katika vipuri, ambavyo hutafutwa Dar es Salaam na hata Nairobi. Wakati wa mvua zilizopita, walipokuwa wakirudi kutoka Misa, breki zilikataa katika mteremko wa kuelekea mtoni, na motokaa ikasimama kwa kugonga kichuguu. Wajukuu wanne walikuwamo. Mungu aliwalinda, hakuna aliyevunjika mfupa. Tena binti yao wa mwisho amekubaliwa katika chuo cha uuguzi, na ada yake haijapatikana.

Kijana mmoja wa nyumba hiyo ataka motokaa iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, na familia ikakope fedha ili kununua Toyota inayong'aa. Ndugu yake asema kwamba motokaa ya babu haiuzwi hata kwa dhahabu. Mzee mwenyewe hajibu neno. Jioni hutoka, akaingia ndani ya motokaa, akafunga mlango, akakaa humo kimya mpaka giza. Basi mama atuuliza: Je, mume wangu anaabudu sanamu? Je, tuiuze? Tena, je, ni dhambi mtu mzima kulia kwa ajili ya chuma?

Neno la kwanza twapenda kumwambia mama huyu ni hili: asifanye haraka kumwita mume wake mwabudu sanamu. Kabla ya kuhukumu moyo wa mtu yafaa kwanza kujua ameona nini katika maisha yake, na vijana wengi wa leo hawajui motokaa hiyo ilikuwa kitu gani kwa watu wa kizazi kile.

Katika mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, safari ndefu ya vumbi na matope, usiku na mchana. Baadaye yakawa ya kila mwaka, yakafanywa siku za Pasaka, yakajulikana duniani kote kwa jina moja tu la Kiswahili: Safari. Wazee wametusimulia kwamba Jumapili ya Ufufuko, Misa ikiisha, wanaume walikuwa wakiikimbilia redio kusikia ni nani aliyezama na ni nani aliyepita, wala mapadre hawakuwa wa mwisho kufika. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa zaidi ya 80, zikafika 7 tu, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404, iliyoendeshwa na Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland pamoja na Chris Rothwell, wakazi wa nchi yetu hii ya Tanzania, nao pia walikuwa katika 404. Mwaka 1968 zikaondoka zaidi ya 90, zikafika 7 tena, na mbele yao Nowicki na Cliff, katika 404 ile ile. Sasa wasomaji wanafahamu watoto wa nyumba ile walipata wapi jina la Shankland.

Watu wa Ulaya wana motokaa zao za mashindano, fupi, nyekundu, za viti viwili, zisizoweza kuvuka hata mfereji wa maji. Motokaa ya mashindano ya kwetu ilikuwa hii: ya milango minne, yenye nafasi ya bibi, mbuzi na debe la mafuta, injini yake ya lita moja na nusu au kupita kidogo imelazwa upande, gia zake ziko kwenye shingo ya usukani, na betri ikifa pana hendeli ya kuiwashia kwa mkono. Mkulima aliweza kusikia redioni kwamba chombo cha namna hiyo kimewashinda wote, halafu akatoka nje akakiona kinapita barabarani. Na wale wanaoujua udongo mweusi wa mbuga za Bariadi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu na masika hushika tairi kama gundi, wao hawahitaji kuelezwa thamani ya motokaa isiyokubali kulala njiani.

Tena twakumbuka fedha ilitoka wapi. Katika mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, nalo likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Mkulima wa pamba wa Usukuma, ambaye hapo kwanza alipunjwa kwenye mizani na wanunuzi wa kupita, sasa alipeleka pamba yake kwenye chama chake mwenyewe. Wengi walinunua baiskeli, wengine mabati, wengine plau na maksai. Wachache waliofika kununua motokaa waliinunua kwa jembe la mkono na jasho la mgongo, na kijiji kizima kikapanda humo kwenda hospitali. Halafu ikaja mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Ikaja miaka ya shida, mafuta haba, vipuri hakuna, hata serikali ikakataza motokaa za watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na Wakristu wa mbali wakawa wakiondoka kanisani huku wakitazama saa. Mtu aliyeiponya motokaa yake katika miaka ile, kwa waya, kwa mpira wa tairi kuukuu na kwa maarifa ya fundi wa kijijini, ameishi nayo kama mtu aishivyo na mwenzi wa taabu. Mzee wetu akaapo ndani jioni, twadhani hakai na chuma. Anakaa na baba yake.

Basi hilo ni jema. Amri ya nne ya Mungu yatuambia tuwaheshimu baba na mama, wala heshima hiyo haikomi kaburini. Wana wa Israeli walipotoka Misri waliichukua mifupa ya Yosefu, wakaibeba jangwani miaka yote ile, nao walikuwa na mizigo mingine ya kutosha. Elisha aliliokota vazi la Eliya baada ya bwana wake kuchukuliwa, akalishika. Kanisa lenyewe lahifadhi masalia ya watakatifu katika altare. Asiyependa kitu chochote alichoachiwa na wazee wake, huyo hatumsifu kwa kujinyima, twamwonea huruma.

Lakini vazi la Eliya lilipata kazi. Elisha hakulikunja akalifungia sandukuni. Alilipiga majini, akavuka mto. Hapa ndipo twataka mzee wetu atusikilize, kama atasomewa maneno haya, nasi twaomba asomewe na mke wake, si na wanawe.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mwalimu mkuu wa maisha ya roho, afundisha kwamba ndege aliyefungwa kwa uzi mwembamba hawezi kuruka, sawasawa na yule aliyefungwa kwa kamba nene. Uzi ni mwepesi kukatwa, ndiyo. Lakini maadamu haujakatwa, ndege yu chini. Watu wengi hufikiri kwamba kufungwa na mali ni ugonjwa wa matajiri. Mtu asema, "Mimi nina kigari kikuukuu tu, nitaabudu nini?" Kumbe kitu kikuukuu chaweza kuula moyo kuliko kipya, maana kipya hupendwa kwa macho, na macho huchoka upesi, bali kikuukuu hupendwa kwa kumbukumbu, nayo kumbukumbu haichoki. Mfano wa tajiri mpumbavu katika Injili ya Luka, sura ya 12, wamhusu mtu aliyevunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Hata hivyo twaona kwamba yawezekana pia mtu kukataa kuvunja ghala lililooza, huku nafaka ya watoto wake inanyeshewa.

Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 6 Julai 2013, alipozungumza na waseminari na wanovisi mjini Roma, alisema kwamba yamuumiza kumwona padre au sista katika motokaa ya mtindo wa kisasa kabisa; alikiri kwamba motokaa yahitajika kwa kazi, lakini akawaomba wachague iliyo ya kawaida zaidi, na wawakumbuke watoto wanaokufa kwa njaa. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo padre mmoja mzee wa Italia, Renzo Zocca, akampa zawadi ya Renault 4 ya mwaka 1984, iliyokwisha kwenda kilometa 300,000 katika kazi ya kuwatembelea maskini, naye Baba Mtakatifu akaipokea kwa furaha. Gazeti letu halina haja ya kuficha kwamba maneno hayo yaliwachoma baadhi yetu sisi mapadre, na yafaa yaendelee kuchoma.

Watu wakaanza kudhani kwamba ukuukuu wa motokaa ni utakatifu. Sivyo. Katika mwaka 2017 kiwanda cha Lamborghini cha Italia kilimpelekea Baba Mtakatifu motokaa mpya ya mashindano, nyeupe na ya dhahabu, kitu kizuri mno machoni. Hakuitupa wala hakuitukana. Aliibariki, akaitia sahihi yake kwa mkono wake, kisha ikapelekwa mnadani, ikauzwa mwezi Mei 2018 kwa zaidi ya euro 700,000. Sehemu ya fedha hizo iliwekwa kwa ajili ya Wakristu wa bonde la Ninawi huko Iraki, ili nyumba zao na mahali pao pa sala, vilivyobomolewa katika vita, vijengwe upya. Uzuri wa motokaa ile haukupotea kwa kuuzwa. Ulisaidia kuwarudisha watu makwao. Tumeutaja mfano huo kwa sababu katika nyumba ya Bariadi pia kuna mtu anayengojea kusaidiwa, naye ni binti.

Sasa tuje kwenye breki, maana hapa hatuna ushauri wa kutoa, bali amri ya tano. Usiue. Mtu ajuaye kwamba breki zake hazishiki, kisha akawapakia wajukuu wanne, hawezi kusema mbele ya Mungu kwamba ilikuwa ajali. Kichuguu kile kilikuwa huruma ya Mungu, wala si haki kumtaka Mungu aweke kichuguu katika kila mteremko. Zamani barabara ilikuwa ya matope, na motokaa haikuweza kukimbia hata ikitaka. Leo pana lami kutoka Lamadi mpaka Bariadi, na kutoka Bariadi kupitia Maswa kuelekea Shinyanga, na juu ya lami hiyo hupita mabasi na malori kwa mwendo ambao fundi wa mwaka 1967 hakuufikiria. Tarehe 19 Juni 2007 Baraza la Kipapa la Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi za madereva, kuanzia ile ile ya kutoua. Na mojawapo yaonya kwamba motokaa isiwe kwa mtu chombo cha kuonyesha nguvu na ubwana, wala nafasi ya dhambi. Basi, mpaka breki za motokaa hiyo zitengenezwe na fundi anayeaminika, asipande humo mtu yeyote, hata mzee mwenyewe, hata kwa kwenda kanisani. Heri kukosa Misa kwa sababu ya umbali, jambo ambalo Kanisa hulielewa, kuliko kuwahatarisha watoto kwa ajili ya Misa.

Juu ya ada ya binti pia hatuoni shaka. Wajibu wa baba kwa watoto wake watangulia mapenzi yake kwa vitu vyake, hata vile vitakatifu kwa kumbukumbu. Twaomba mzee afikiri hivi: baba yake aliinunua motokaa ili iweje? Mama ameandika kwamba katika miaka ile iliwabeba wajawazito na wagonjwa wa kijiji kizima. Alikuwapo padre mmoja wa Ujerumani, Paul Schulte, rubani wa ndege, ambaye rafiki yake mmisionari alikufa kwa malaria katika mwaka 1925 huko kusini mwa Afrika, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitali upesi. Kwa uchungu huo Padre Schulte alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, na mpaka leo Wakatoliki wa Austria, katika majira ya Mtakatifu Kristofa, wanaombwa kutoa sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilometa waliyokwenda bila ajali. Watu wale hawakupenda motokaa. Walipenda mgonjwa afike. Binti akiwa muuguzi, atakuwa anafanya kazi ile ile iliyofanywa na motokaa ya babu, na bila kuhitaji vipuri kutoka Nairobi.

Wafugaji wa Usukuma wana hekima ya kutosha katika jambo hili, wala hawahitaji kufundishwa na mhariri. Mtu humpenda maksai wake, humpa jina, humwita shambani kwa jina hilo naye hugeuka. Maksai akizeeka, mwenye busara hangoji mpaka aanguke katika tope la masika, akaliwa na fisi. Humpeleka mnadani angali na mwili, akapata bei ya haki, akanunua ndama, na jina la yule wa kwanza likabaki kusimuliwa. Hakuna mtu Bariadi anayesema kwamba mwenye kufanya hivyo alimchukia ng'ombe wake.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba iuzwe. Lakini lazima kwanza tuseme na wale vijana wawili, na pia tuulize swali ambalo barua haikuuliza.

Wewe unayetaka kuiuza kwa kilo ili ukope fedha za Toyota: maneno yako yana nusu ya kweli. Ni kweli kwamba yafaa iuzwe. Lakini hukusema kwamba familia yahitaji motokaa. Ulisema kwamba ataka kuwa nayo. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mkopo juu ya pamba ni kidonda kweli, kwa sababu bei ya pamba hupangwa mbali, na mvua za Simiyu hazikutia sahihi katika karatasi ya benki. Mfalme Sulemani alikusanya magari ya farasi 1,400, ijapokuwa Torati ilimkataza mfalme wa Israeli kujiongezea farasi, na waliolipa gharama ya fahari yake ni wananchi, mpaka ufalme ukagawanyika mikononi mwa mwanawe. Pigeni hesabu kwa karatasi na kalamu. Siku ngapi kwa mwezi mnahitaji motokaa? Mabasi yapita, pikipiki zipo. Huenda mtaona kwamba kitu cha kuchukua mahali pa motokaa ya babu si motokaa hata kidogo, bali ada ya miaka mitatu na jozi ya maksai.

Na wewe uliyesema haiuzwi hata kwa dhahabu, twakusifu kwa kumpenda babu yako. Nawe unayo methali yako: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali za wazee hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo sababu Mungu alituongezea akili. Lakini tuambie, katika misimu hii miwili wewe umelipa kipuri gani? Ni rahisi mno kuitunza kumbukumbu kwa fedha ya mama yako.

Sasa swali ambalo halikuulizwa. Mama ametaja, kwa kupita tu, kwamba kadi ya motokaa bado ina jina la marehemu. Jambo hili si dogo. Kama mali ya marehemu haikugawanywa, mzee ni mtunzaji wa motokaa, si mwenyewe peke yake. Ndugu zake, na hasa dada zake walioolewa mbali, ambao katika mambo ya urithi husahauliwa upesi, wana sehemu yao. Tumeona familia za Kikristu zikipokea Komunyo upande mmoja wa kanisa na upande mwingine, zisisalimiane, kwa sababu ya ng'ombe aliyeuzwa bila shauri. Basi mzee awaite ndugu zake, aeleze gharama alizozitoa miaka yote hii, nao watazihesabu. Awaambie juu ya binti na chuo. Mioyo ya mashangazi ni mipana kuliko tunavyodhani. Wakikubaliana kwamba sehemu yao iende katika ada, iandikwe, isibaki maneno ya mdomoni. Kisha zifuatwe taratibu za mirathi mahakamani na za kubadilisha kadi katika mamlaka ya mapato.

Juu ya mnunuzi: msiiuze kwa chuma chakavu. Hilo lingekuwa kosa la hesabu na pia kosa la heshima. Kuna watu wanaozitafuta motokaa za namna hii. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya motokaa za kale, ambayo yamekuwa yakipita Kenya na Tanzania, na katika Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanywa maonyesho ya motokaa zilizotunzwa vizuri. Wapenzi wa vyombo hivyo wapo, na huenda mmoja wao akaitengeneza breki kuliko mzee awezavyo. Mbegu ya kale ikipata shamba lingine huota. Katika mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari katika motokaa ya Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika na kuchoshwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wenyewe wa kwanza walikuwa wamekwisha kuachana nayo, yeye akaipata, akaifungua yote, akaiunga upya.

Na siku ya kuuza, mzee amwambie mnunuzi habari zote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliulizwa zamani sana kama muuzaji yampasa kutaja kasoro za kitu auzacho, naye alifundisha kwamba kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima itajwe. Anayemwuza farasi mwenye kilema kana kwamba ni mwenye mbio amefanya udanganyifu. Breki za motokaa ni zaidi ya mguu wa farasi. Mzee aseme pia habari ya kichuguu. Mnunuzi mpumbavu atakimbia. Mnunuzi mwenye akili ataona kwamba amempata mtu mkweli, na bei haitaanguka sana. Bei ikianguka, ianguke. Amri ya saba haijui punguzo.

Twamwomba mama asimsukume mume wake. Mambo haya yasisemwe mezani mbele ya wakwe na watoto, wala asipelekewe mashauri na vijana watatu waliosimama. Aachwe atamke mwenyewe kwamba ataiuza. Mtu aliyenyang'anywa kitu hubaki nacho moyoni, aliyekitoa mwenyewe huwa huru. Akitaka, ailete kanisani kwanza, imesimama juu ya lori kama breki bado hazijatengenezwa, na paroko wake ataibariki kwa sala ya Kanisa ya kubariki vyombo vya safari, kwa ajili ya wale watakaosafiri nayo. Wapigwe picha wote, mashangazi wakiwa mbele. Hendeli ya kuiwashia ibaki nyumbani, kama mnunuzi ataridhia. Ni chuma chepesi, chaning'inia ukutani, wala hakili mafuta.

Limebaki swali la mwisho, la machozi. Si dhambi. Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro hali akijua atamfufua, na alilia juu ya Yerusalemu, ambao ulikuwa mji wa mawe. Mwacheni mzee alie. Binti mwenyewe aende akakae naye kiti cha mbele, amwulize babu alikuwa akiendeshaje mahali pa matope, na amsikilize mpaka amalize. Barua yasema chuo kitafunguliwa baada ya majuma tisa, basi ndugu wa marehemu waitwe kabla ya mwezi huu kwisha.